Kisimamo cha Maulidi ya Lamu na Mipaka ya Uhakiki wa Matini

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzigawa kazi za sanaa katika mafungu mawili: fasihi simulizi na fasihi andishi. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, lakini zipo kazi zinazoukataa. Mojawapo ni Maulidi, usomaji wa sifa na uzawa wa Mtume Muhammad, ambayo mwambaoni huadhimishwa hasa katika Mfunguo Sita, na ambayo Lamu imepata sifa kwayo kuliko miji mingi. Makala haya yanadai kwamba maana ya Maulidi haimo katika matini pekee, bali huzaliwa pale matini inapokutana na hadhira.

Tuanze na matini yenyewe. Barzanji, iliyotungwa na Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, na ile ya Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki 1915, ni maandishi yaliyokamilika: nathari ya Kiarabu yenye vina, ikipishana na kaswida. Msomaji habuni neno. Kwa kigezo hicho, hii ni fasihi andishi. Hata hivyo, maisha yake hayamo katika usomaji wa kimya chumbani. Husomwa kwa mahadhi na kuitikiwa. Nayo matari ya Msikiti wa Riyadha huyapa maneno mwendo ambao ukurasa hauna.

Ithibati iliyo wazi zaidi ni kisimamo. Msomaji afikapo kwenye kuzaliwa kwa Mtume, waliohudhuria husimama. Udi hufukizwa, marashi hunyunyizwa, na sauti ya mmoja hugeuka kuwa sauti ya wengi. Kifani, jambo kubwa limetendeka: masimulizi ya wakati uliopita yamekuwa makaribisho ya mgeni anayeingia sasa, na wasikilizaji wamekuwa wahusika katika kisa. Badiliko hili la wakati na nafsi halidhihiriki kwa kuchambua sentensi peke yake.

Huenda ikahojiwa kwamba wengi ukumbini hawajui Kiarabu, na kwamba asiyeelewa maneno hawezi kuitwa hadhira ya fasihi. Hoja hii si nyepesi. Mwenye Mansab, mshairi na mwanachuoni wa Lamu aliyefariki 1922, aliifasiri Barzanji kwa Kiswahili, na kazi yake yastahili kuhakikiwa kwa haki yake. Lakini tafsiri hiyo haikukiondoa Kiarabu ukumbini. Yafaa basi kutofautisha maana ya msamiati na maana ya tendo: asiyejua la kwanza aweza kulijua barabara la pili.

Maana hiyo ya tendo ina uzito wa kijamii. Habib Saleh, mzawa wa Ngazija, alipoyapa matari nafasi katika Maulidi, aliwafungulia mlango watu wa tabaka la chini, wakiwemo waliokuwa watumwa, ambao wakuu wa mji waliwatenga. Abdul Hamid el-Zein, katika utafiti wake uliochapishwa 1974, aliyahusisha mabishano juu ya ibada hii na mabishano juu ya nasaba na cheo. Hayakuhusu ufasaha wa matini tu. Yalihusu nani aruhusiwe kuimba, na kwa namna gani. Anayesoma kitabu peke yake hawezi kuliona suala hili.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni kuyaona Maulidi kama tamasha tu, mashindano ya punda na ya majahazi, na kusahau kwamba kiini chake ni kitabu kinachosomwa hadi mwisho.

Mwanafunzi wa uzamili anayerudi kutoka nyanjani na maneno yaliyonakiliwa bila kasoro ameleta nusu ya kazi. Hana budi kutueleza pia ni nani waliosimama, walisimama wapi, na baada ya neno gani.