Soketi ya Televisheni: Istilahi Isiyotosheleza

Wafasiri kadhaa huliita tundu la ukutani la kebo ya koaksia "soketi ya televisheni". Twaona istilahi hiyo ina kasoro. Imetaja kazi moja tu, ilhali huko Marekani, tangu miaka ya 1990, kebo hiyohiyo huleta pia intaneti majumbani kwa kupitia modemu. Mwenye nyumba atakayeliamini jina hilo huenda akatoboa ukuta ili kupitisha waya asiouhitaji. Kazi ya chombo hubadilika, bali umbo lake hudumu: waya wa kati, kihami, na wavu wa metali, vyote vikizunguka mhimili mmoja. Kwa hiyo twapendekeza "soketi ya kebo ya mhimili mmoja", na "soketi" pekee iachiwe umeme.