Kilicho Hadharani si cha Wote: Uhakiki wa Utafutaji wa Kiotomatiki wa Matini za Kiswahili kwa Kurejelea Dzaleka na Mchesi, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utaratibu wa kutumia skripti, yaani programu fupi zinazojiendesha, kutafuta na kukusanya matini za Kiswahili kutoka tovutini. Kwa kurejelea wazungumzaji wa Kiswahili wa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na wa mtaa wa Mchesi jijini Lilongwe, yanabainisha kwamba kasoro za kimbinu na za kimaadili za utaratibu huo zina chanzo kimoja: dhana kwamba kinachoonekana hadharani ni mali ya yeyote awezaye kukichota.

1. Utangulizi

Baada ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kukifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, hoja ya kuwa na kongoo kubwa za lugha hii imepata uzito wa kisera. Njia nyepesi ya kuzipata ni skripti: mtafiti huandika mistari michache ya amri, na kompyuta huuliza mtambo wa utafutaji maswali maelfu, hufungua kurasa na kuhifadhi maandishi. Kazi ya miezi hukamilika kwa siku chache. Uhakiki huu haupingi chombo hicho. Unahoji mambo mawili ambayo wepesi wake huyafunika: ni Kiswahili cha nani kinachopatikana, na ni nani anayelipa gharama ya kupatikana kwake.

2. Udhaifu wa kimbinu

Mwaka 2007 Adam Kilgarriff alionya wanaisimu dhidi ya kuhesabu maneno kupitia mitambo ya utafutaji ya kibiashara. Idadi ya matokeo inayoonyeshwa ni makisio, hubadilika bila maelezo, na kampuni huweka kikomo cha maswali. Skripti haiondoi udhaifu huo. Huurudia mara maelfu na kuupa sura ya takwimu.

Katika Kiswahili tatizo huanzia kwenye maneno ya kutafutia. Viunganishi kama “ya”, “wa” na “za” vimo pia katika Chichewa, hivyo skripti inayovitegemea itarudi na kurasa za Chichewa. Mtafiti akichagua maneno bainifu zaidi, kama “watu” na “watoto”, atapata Kiswahili sanifu, lakini atamkosa mzungumzaji kutoka mashariki mwa Kongo aandikaye “batu” na “batoto”, au asemaye “niko nafanya” pale ambapo sanifu ina “ninafanya”. Mkongo huyo akiishi Lilongwe hukutana kila siku na maneno ya Malawi kama “ganyu”, yaani kibarua, na “kabaza”, baiskeli au pikipiki ya abiria. Kitambuzi cha lugha kilichofunzwa kwa magazeti ya Dar es Salaam na Nairobi kina kila sababu ya kuitilia shaka sentensi yake. Kongoo inayotokana na uchujaji wa namna hiyo huitwa ya Kiswahili, ilhali ni ya aina moja ya Kiswahili. Mshauri wa sera anayeitegemea ataamini kwamba aina nyingine hazipo, au ni makosa.

3. Adabu ya kuingia

Utamaduni wa Waswahili una kanuni ya hodi: mlango ukiwa wazi, mgeni bado hubisha na kujitambulisha. Mtandao una kanuni ya namna hiyo. Faili la robots.txt, lililopendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kurasimishwa kuwa kiwango cha mtandao mwaka 2022, humwezesha mwenye tovuti kutaja sehemu ambazo programu zinazojiendesha zisiingie. Hata hivyo, kiwango hicho chenyewe kinatamka kwamba kanuni zake si idhini ya kuingia. Kutokuwapo kwa katazo, basi, si ruhusa.

Adabu hii haina gharama kubwa kwa mtafiti. Skripti inayoomba ukurasa mmoja kila baada ya sekunde tano humaliza kurasa 50,000 kwa siku tatu kasoro. Skripti isiyo na subira huweza kuilemea seva ndogo ya kikundi cha jamii, na msomaji mwenye kifurushi kidogo cha data akakuta tovuti haifunguki. Kujitambulisha kwa jina la mradi na anwani ya mawasiliano, kupunguza kasi seva inapojibu kwa msimbo 429, na kutoomba tena ukurasa uliokwisha kuhifadhiwa ni mambo ya mistari michache. Kuyaacha hakutokani na ugumu wa kiufundi.

4. Funzo la JW300

Mfano ulio wazi ni JW300, kongoo sambamba iliyochapishwa mwaka 2019 kutokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, Kiswahili kikiwamo. Kwa lugha nyingi za Kiafrika hapakuwa na hazina ya kulingana nayo, na watafiti wa tafsiri ya mashine waliitumia sana. Baadaye iliondolewa katika hazina ya OPUS kwa sababu za hakimiliki. Tafiti zilizoitegemea zikabaki na msingi ambao watafiti wapya hawawezi kuupata kwa njia halali ili kuzihakiki. Hapa maadili na mbinu haviachani: kilichokusanywa bila idhini ya kudumu hakiwezi kuwa msingi wa kudumu wa maarifa.

5. Gharama ya kuonekana

JW300 iligusa haki za taasisi yenye uwezo wa kujitetea. Hali ya Dzaleka ni tofauti. Makazi hayo yaliyoko wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, yalifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wasiozidi 12,000 hivi. Sasa yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuweka kando baadhi ya vifungu, vikiwamo vya uhuru wa kutembea na ajira. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi waishio nje ya makazi warejee Dzaleka, na kuanzia Mei mwaka huo polisi waliwakamata watu na kuwahamisha, Lilongwe ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyohusika.

Katika mazingira hayo, tangazo la biashara lililoandikwa kwa Kiswahili cha Kivu na kutaja Mchesi si matini tu. Limewekwa hadharani kwa ajili ya wateja. Skripti hulitoa katika muktadha huo, hulipa tarehe na mahali, na kuliweka kando ya mengine mia moja ya aina yake. Kila moja peke yake halisemi mengi. Yakikusanywa huwa orodha ya watu wasiotakiwa kuwa hapo walipo. Kufuta majina hakutoshi, kwani sentensi iliyonukuliwa neno kwa neno ikirudishwa katika mtambo wa utafutaji huweza kumfichua mwandishi wake. Lahaja nayo, inapounganishwa na jina la mtaa, hupunguza idadi ya wanaoweza kuwa ndio walioandika. Sifa ileile inayomvutia mwanaisimu ndiyo inayomtambulisha mzungumzaji.

Itajibiwa kwamba bila skripti Kiswahili cha Dzaleka kitabaki nje ya teknolojia. Hoja hiyo ni nzito, lakini inachukulia kwamba njia ni moja. Mradi wa TICO-19 wa mwaka 2020 ulitoa tafsiri za taarifa za UVIKO-19 katika Kiswahili cha Kongo kwa kazi ya wafasiri, na Common Voice hukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa wachangiaji wanaojua wanachotoa. Dzaleka yenyewe ina redio ya jamii ya Yetu na tamasha la Tumaini lililoanza mwaka 2014. Wapo watu wa kubishiwa hodi.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022 na Malawi 2024. Sheria hizo ni mwanzo, lakini kamati za maadili za vyuo zikiendelea kuyaona maandishi ya tovutini kuwa nyaraka badala ya watu, hazitamfikia mtafiti aketiye mbele ya skripti yake. Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kongoo ichapishwe pamoja na maneno ya kutafutia, kasi ya maombi na vigezo vya uchujaji. Pili, matini za jamii zilizo hatarini zisikusanywe kwa kuunganisha lahaja na mahali bila idhini ya jamii husika. Tatu, mifano kutoka matini hizo ifafanuliwe badala ya kunukuliwa neno kwa neno. Nne, wafadhili watenge fedha za kuwalipa wachangiaji, ili njia ya halali isiwe ghali kuliko njia ya mkato.