Mandhari si Pambo: Kuisoma Fasihi Kutoka Milima ya Kasulu na Kibondo

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuikata kazi ya sanaa kama anayechuna mbuzi: maudhui huku, fani kule. Kwenye fani tunapanga muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha, na mwisho kabisa, muda wa mtihani unapokaribia kwisha, tunaandika: "Mandhari ya kitabu hiki ni ya kijijini." Basi, tumemaliza. Katika makala haya nataka kugombana na sentensi hiyo moja tu.

Kijijini wapi, ndugu msomaji? Mimi ni mtu wa Kasulu. Kwetu nchi haikutandazwa, imekunjwa. Kuna migongo ya milima iliyofuatana, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde lenye maji na mafunjo. Nyumba na migomba viko juu na mteremkoni, kwenye baridi. Ukizidi kushuka kuelekea mashariki na kusini unaingia kwenye miyombo, huko ni kwa mbung'o. Mtu wa Rufiji, wa Ukerewe na wa Kibondo wote ni watu wa "kijijini", lakini mmoja anaogopa mafuriko, wa pili anangoja mtumbwi, na wa tatu anabeba ndoo ya maji akipanda mlima. Uhakiki usioona tofauti hiyo nauona ni uhakiki wa mtu aliyefunga macho.

Napendekeza swali jepesi la kuiuliza kazi yoyote: ukiisawazisha nchi yake, hadithi inabaki vilevile? Kama inabaki, sawa, mandhari ni pambo. Ila nadhani tutashangaa.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Mto Rufiji hauonekani jukwaani, lakini ndio unaomchukua Kinjeketile na kumrudisha akiwa mtu mwingine. Ukiuondoa mto hakuna maji, na bila maji kinachobaki ni manung'uniko ya watu wanaolimishwa pamba. Shaaban Robert naye katika Kusadikika (1951) alifanya kinyume chake: aliitundika nchi yake hewani. Tunapenda kuliita jambo hilo "ubunifu" kisha tukasonga mbele. Lakini mwandishi huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya Mwingereza. Nchi isiyo na mlima wala mto haina bwana shauri wa kusema, "Hii ni wilaya yangu, mbona unanisema?" Kukosa ardhi ndiko kulikoipa hadithi ulimi.

Kazi inayonikera zaidi, kwa maana ya namna tunavyoihakiki, ni Gamba la Nyoka ya Kezilahabi (1979). Hii ni riwaya juu ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Darasani tulibishana saa mbili nzima kama mwandishi anaupinga ujamaa au anapinga namna ulivyotekelezwa. Mjadala ulikuwa moto kweli, nakiri. Lakini hakuna aliyeuliza: watu hawa walikuwa wanaiacha nchi ya namna gani, na wanapelekwa kwenye nchi ya namna gani? Katika riwaya ya kuhamishwa, ardhi ndiyo ugomvi wenyewe! Kuiweka kwenye kifungu cha mwisho cha fani ni sawa na kuhakiki mchezo wa kesi bila kutaja mahakama.

Nasema hivi kwa sababu kwetu jambo hilo lilitokea mapema. Operesheni Kigoma ilianza 1972, kabla ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima. Kaya zilizokuwa zimetawanyika milimani, kila moja na migomba yake, zilishushwa zikapangwa kando ya barabara kwa mistari. Wala haikuwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1930 Mwingereza alishawakusanya watu wa maeneo haya pamoja kwa ajili ya malale. Mara mbili ndani ya miaka arobaini mtu mwenye ramani aliamua kwamba Waha wamekaa vibaya. Sidai kwamba sababu zote zilikuwa za uongo. Malale yanaua, na zahanati haiwezi kujengwa kila mlimani. Nadai kwamba kilima kilikuwa ni namna ya kuishi, na riwaya au hakiki isiyokiona kilima haiwezi kujua kilichopotea. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, penye migongo ya milima kama hiyo hiyo, kilima ni ngazi rasmi ya utawala hadi leo. Sisi tuna kitongoji, kijiji na kata, maneno ambayo hayakwambii kama unapanda au unashuka.

Labda utauliza, mbona milima hiyo haimo vitabuni? Tazama Malagarasi. Unazaliwa milimani mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, halafu unalipa ziwa kisogo. Unazunguka kaskazini, unapita Kibondo, unatawanyika kwenye mabwawa ya Moyowosi, ndipo unageuka magharibi kulirudia ziwa. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilifuata njia ya chini, kupitia Uvinza. Vitabu navyo vilipanda treni. Ujiji tunaisoma tangu Stanley alipomkuta Livingstone 1871, lakini milima iliyo ndani ya mzingo wa mto ilibaki kuonekana kwa mbali.

Kwa hiyo fasihi ya huko tuitafute midomoni. Nilipokusanya hadithi kwa ajili ya kozi ya fasihi simulizi nilimrekodi bibi yangu. Yeye anakaa kando ya barabara, mahali tambarare kabisa, lakini hadithi zake zote zina juu na chini. Msichana katumwa maji: "akashuka". Hapo wasikilizaji wazee wananyamaza, kwa sababu chini ndiko kwenye ukungu na mafunjo, ndiko anakokutana na asiyemjua. Kisha "akapanda, akapanda, akapanda", na bibi anavuta pumzi kweli kweli, akitua kidogo kila anaposema. Huo mrudio si wa kurembesha, ndio urefu wa mteremko. Pumzi ikitulia, msichana kafika kwao, yuko salama. Bibi hakuhitaji kusema "usalama" wala "hatari".

Sasa mwenzetu mmoja wa kikundi, mtu wa pwani, alipozinakili hadithi zile kwa Kiswahili safi aliandika: "akaenda kisimani" na "akarudi nyumbani". Mirudio aliikata, ati inachosha. Sarufi haina kosa hata moja. Lakini hadithi imelala chini kama mkeka, na mhakiki atakayeisoma ataandika nini? "Mandhari ni ya kijijini."

Jambo hili si la mambo ya kale tu. Tangu 1996 Nyarugusu ilipokea Wakongo, na kuanzia 2015 Warundi wengi waliingia Nyarugusu na Nduta. Mrundi akiulizwa kwao hutaja kilima. Kambini anuani ni zoni na namba. Mtambaji aliyekulia mgongoni mwa mlima, akiketi Nduta jioni na kusema "akashuka", mtoto aliyezaliwa humo kambini anaona nini akilini? Anaona bonde, au anaona foleni ya bombani? Swali hilo lingefaa kwa tasnifu ya mwaka wa tatu. Mwenye kulitaka alichukue, maana mada yangu ilishapitishwa tangu muhula uliopita, nayo inahusu vitendawili.