Kasoro Nne, Jina Moja

Kufasiri miongozo ya mashine za kuchapia kwa leza ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, katika tafsiri moja tuliyoletewa tuipitie, sura ya kasoro za chapa ina upungufu ambao hatuna budi kuugusia. Mfasiri ameziita kasoro nne zilizo mbalimbali kwa jina moja, "wino mchafu", kisha akazipa dawa moja: badilisha wino.

Tukumbuke jinsi mashine hii ifanyavyo kazi. Mwanga wa leza huchora sura ya ukurasa juu ya silinda iliyotiwa chaji ya umeme. Tona, ambayo ni unga mkavu, hunata palipochorwa, kisha huhamia kwenye karatasi, na joto huiyeyusha ikashika. Kwa Mswahili, wino ni majimaji. Karani atangoja chapa ikauke, kumbe haikuwa na maji tangu mwanzo. Neno tona limekwisha kuzoeleka maofisini, na matamshi yake hayatupi taabu, yafaa tulipokee.

Kuhusu kasoro zenyewe, lugha yetu si maskini. Chapa iliyopungua weusi ukurasa mzima imefifia; huenda tona inakwisha. Mstari mwembamba ushukao toka juu hadi chini ni mchirizi. Mara nyingi silinda imekwaruzika. Alama irudiayo kwa umbali ule ule ni doa la kujirudia: silinda yenye kipenyo cha milimita 30 huliacha kila baada ya milimita 94 hivi, hata rula yatosha kumtambulisha mkosaji. Chapa itokayo kwa kusuguliwa na kidole haikushika. Joto halikutosha, au karatasi ni nzito kuliko ile mashine iliyopangiwa.

Huenda mfasiri akajitetea kwamba msomaji wake si fundi. Lakini fundi angeitambua kasoro kwa macho. Asiye fundi hutegemea maneno. Pale ambapo silinda haimo ndani ya katriji ya tona, agizo la "badilisha wino" litamfanya atupe katriji nzima ilhali mchirizi umebaki palepale, na gharama ni ya ofisi.

Twashauri wafasiri waitazame kwanza karatasi yenye kasoro, ndipo waitafutie jina.