Sifa za Fundi wa Bao

Bao la Kiswahili halimfichi mtu kitu. Mashimo 32 yako wazi, kete 64 za komwe anaziona kila aliyekaa barazani, na dadu haimo. Hata hivyo, wakae wachezaji wawili wa klabu siku ya mashindano, mmoja ataona mbali kuliko mwenzake. Huko kuona ndiko ufundi ninaousifu.

Katika sataranji kwa kawaida husogezwa kipande kimoja na vingine vikabaki palepale. Bao halina utulivu huo. Zamu moja huweza kuzungusha kete kutoka shimo hadi shimo, ikala, ikapanda, ikala tena, na mwenye zamu anapolala, yaani zamu yake inapokoma, ubao umekuwa mwingine kabisa.

Watazame wakiwa katika namua, awamu ya kwanza ya mchezo, kila mmoja akiingiza moja moja zile kete 22 alizoanza nazo mkononi. Huyu ametia yake, amekula tano za mpinzani katikati ya mstari wa mbele. Ana hiari ya kuzipanda kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa mstari, cha kulia au cha kushoto. Akianzia kushoto, ya tano itaangukia nyumbani kwake, shimo lake lenye akiba kubwa kuliko mashimo yote. Shimo linaloikabili nyumba hiyo upande wa pili ni tupu, basi sheria inampa hiari nyingine: alale, au aivunje nyumba asafiri, yaani azichukue kete zake aendelee kupanda.

Mchezaji wa kawaida husafiri. Safari ina shangwe, na watazamaji wanaitaka. Fundi huituliza mikono, akaifuata safari kwa macho mpaka kete ya mwisho, kisha akamhesabia mpinzani jibu lake. Akiona kuwa nyumba ikivunjika sasa atafika kwenye mtaji, awamu ya pili, akiwa na mashimo ya kete mojamoja, ambayo hayachezeki, hulala bila kujali wanaoguna nyuma yake.

Mtafiti Alexander de Voogt aliandika kitabu kuhusu mabingwa wa Zanzibar, kikatoka 1995. Alichokuwa akikitafuta ni mipaka ya akili ya binadamu. Hakukosea pa kuitafutia.

Wewe unayetaka kujifunza, kaa karibu na fundi, na usimhesabie kete alizokula, maana kula ni lazima panapolika. Mhesabie mara alizolala ilhali safari ilikuwa halali yake.