Nani Kafunga? Vitenzi vya Kuzuia, Lodwar na Kakuma

Kiingereza kina vitenzi vya kuzuia vya kumwaga: stop, block, halt, ban, suspend, restrict, confine. Kwenye kamusi vimepangwa kama ndugu wa tumbo moja. Lakini peleka hivyo vitenzi Turkana uone kazi vilizofanya.

Anza na Lodwar. Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, hakwenda nyumbani. Alipelekwa Lodwar, na serikali ya kikoloni ikabadilisha neno: sasa hakuwa prisoner, alikuwa chini ya restriction. Alikaa huko hadi 1961, alipohamishiwa Maralal. Neno jipya, jua lile lile. Turkana yenyewe ilikuwa "closed district", eneo ambalo mgeni haingii bila ruhusa. Kwa Kiswahili cha kawaida, mtu asiyeweza kwenda kwao amefungwa, basi. Kiingereza cha ofisini ndicho kilichohitaji maneno mawili ili kisionekane kinarudia jambo moja.

Ukitoka Lodwar ukiifuata barabara ya Lokichoggio, unafika Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992. Machi 2021, Fred Matiang'i, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliipa UNHCR siku 14 itoe mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Aprili, Mahakama Kuu ikasimamisha hatua hiyo kwa muda. Kiingereza cha mahakamani huita amri ya aina hiyo "stay", neno ambalo mtaani ni kubaki. Kwa mara moja, sheria na mtaa vilisema kitu kimoja: tulieni, mpo.

Ila Kiswahili nacho kilisema jambo ambalo Kiingereza kilikwepa. Sisi tuliandika "kufunga kambi". Kufunga ni kumaliza shughuli, kama duka. Kufunga pia ni kumtia mtu ndani. Kiingereza kinazitenganisha, "close" huku na "confine" kule, kwa hivyo unaweza kujadili ya kwanza mwaka mzima bila kuigusa ya pili. Kiswahili hakikupi hiyo nafasi. Mkimbizi wa Kakuma, ambaye hutakiwa kuwa na kibali akitaka kutoka kambini, aliambiwa kwamba mahali alipofungwa panafungwa. Sentensi inachekesha, halafu haichekeshi.

Tusijisifu sana lakini. Kiswahili cha serikali kina ujanja wake, nao ni ule -wa wa mwisho: imesitishwa, imepigwa marufuku, hairuhusiwi. Na nani? Kimya. Mtaani hatuongei hivyo. Mtu akikatwa kwenye WhatsApp anasema "ameniblock", na ndani ya neno moja unapata mtendaji, mtendewa na lawama. Hiyo ndiyo sarufi ninayoitaka kwenye habari za kambi: wamenizuia, wamemrudisha, wametunyima.

Ndiyo maana KANERE, gazeti ambalo wakimbizi wa Kakuma walilianzisha wenyewe 2008, lina uzito kuliko ukubwa wake. Wanaozuiwa wamekuwa ndio wanaochagua kitenzi. Dai langu kwalo ni moja: limeandikwa kwa Kiingereza, ilhali Kakuma ni mahali ambapo Kiswahili cha Kongo na cha Kenya hukutana sokoni kila siku. Hiyo lugha iko na mengi ya kusema kuhusu kufungwa.

Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kugeuza kambi kuwa makazi ya kawaida, pamoja na wenyeji. Mpango unaitwa Shirika. Angalia vizuri: miaka yote kuzuia kulikuja kwa Kiingereza, kufungua kumepewa jina la Kiswahili. Jina ni zuri. Lakini shirika ni nomino, na nomino haimpeleki mtu popote. Tutaamini siku mkazi wa Kakuma atakapopanda gari hadi Lodwar, ashuke, anunue anachonunua na arudi, bila mtu yeyote kumuuliza kibali kiko wapi.