Rejeta au Kipoza? Uhakiki wa Istilahi za Gereji

Miongoni mwa kazi ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa lilikabidhiwa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967 ni kushirikiana na wahusika katika kuweka tafsiri sanifu za istilahi. Kazi hiyo hupimwa wapi? Wako wanaodhani kwamba hupimwa mezani, kamati inapokubaliana. Sisi twaona kwamba hupimwa pale mtu anapoagiza kitu kwa jina lake, akaletewa kitu hicho hicho na si kingine.

Jambo hili tulilishuhudia Sepuka, wilayani Ikungi, Mkoa wa Singida, wakati wa mavuno ya alizeti. Palikuwa na Land Rover ya zamani ambayo injini yake ya petroli ilikuwa imeng'olewa, na mahali pake pametiwa injini ya dizeli ya Toyota. Injini ilikuwa kubwa zaidi, lakini rejeta ilikuwa ile ile ya kwanza, nayo mirija yake ilikwisha kuziba kwa chumvi ya maji ya visima. Gari lilikuwa likichemsha kila lilipopanda kilima. Fundi akaamua kwamba rejeta ibadilishwe.

Ombi liliandikwa ofisini na karani mwangalifu, aliyefuata mwongozo wa matunzo ya magari uliofasiriwa kwa Kiswahili. Hakuandika "rejeta", kwa kuwa mwongozo haukuitumia; aliandika "kipoza cha injini". Baada ya siku kumi na moja kikaletwa kifaa kidogo cha kupozea oili. Mtunza ghala hakukosea: oili ni ya injini, na kifaa kile huipoza. Gari likalala juu ya magogo siku tisa nyingine, na magunia ya alizeti yakangoja. Fundi alipokiona kifaa kile alimwambia karani: "Mzee wangu, mimi nilikutajia rejeta. Hiki kipoza umekitoa wapi?"

Swali hilo lastahili kujibiwa na sisi tunaoshughulika na lugha. Mwongozo tunaousema tuliusoma kwa makini. Mfasiri wake alikuwa na nia njema, na sentensi zake ni fasaha. Kosa lake la kwanza ni kwamba jina la kifaa kimoja linabadilika njiani: katika kurasa za mwanzo ni "kipoza", mbele kidogo ni "kipozeo", na katika sura ya marekebisho ni "kipooza". Msomaji asiyejua gari atadhani ni vitu vitatu. Tena, hilo la tatu halina uhusiano na kupoza. Kipooza ni maradhi ya kupooza viungo. Irabu moja iliyozidi imeigeuza sehemu ya gari kuwa ugonjwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Hata lingeandikwa sawasawa kila mahali, neno "kipoza" ni pana mno kwa kazi hii. Gari la leo laweza kuwa na kifaa cha kupoza maji ya injini, kingine cha oili ya injini, kingine cha oili ya giaboksi, kingine cha hewa inayosukumwa na taabo kabla haijaingia katika injini, na kingine cha gesi ya kiyoyozi. Vyote hupoza. "Kipoza" basi ni jina zuri la jamii nzima ya vifaa hivyo, nasi hatupendekezi litupwe. Twapendekeza lisipewe mmoja wa jamii hiyo ambaye tayari ana jina lake mwenyewe.

Twajua hoja itakayoletwa. Itasemwa kwamba "rejeta" ni neno la kigeni, na kwamba halimwelezi msomaji kazi ya kifaa. Tuanze na hili la pili. Neno la Kiingereza ambalo rejeta imetoka latokana na Kilatini, na maana yake ni kitu kitoacho miali. Lakini sehemu kubwa ya joto la rejeta haiondoki kwa miali; huchukuliwa na hewa inayopita kati ya mapezi yake. Waingereza hawakulitupa neno lao kwa sababu hiyo. Istilahi si maelezo ya kitu. Ni jina ambalo wote wanaohusika hulielewa kwa maana moja.

Kuhusu ugeni, twakumbuka utaratibu unaofahamika wa kutafuta istilahi: kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Wafasiri wengi huiweka "rejeta" katika ngazi hiyo ya mwisho. Sisi twaona mahali pake ni ngazi ya kwanza. Neno hili limekwisha kupita kinywani mwa madereva, mafundi na utingo. Silabi zake zote huishia kwa irabu, kama ilivyo katika "shati" na "blanketi". Nalo hufuata upatanisho wa sarufi yetu. Kiswahili cha gereji ni Kiswahili. Atafutaye istilahi katika Kiswahili na asifike gereji hajamaliza kutafuta.

Rejeta ya pili ilipofika, tulikaa tukamsikiliza fundi akimfundisha kijana wake. Alimwambia kwamba rejeta huchaguliwa kwa kufuata injini, si kwa kufuata bodi. (Hata Marekani, wale wanaolichukua bodi la Ford la mwaka 1932 na kulitia injini kubwa, hukutana na tatizo hilo hilo.) Alipima urefu, upana na unene. Alitazama mdomo wa juu na wa chini uko upande gani, ili mipira isijikunje. Aliikubali rejeta ya shaba badala ya ile ya alumini yenye matangi ya plastiki, kwa kuwa ya shaba ikitoboka huweza kulehemiwa pale pale kijijini. Aliikalisha juu ya vipande vya mpira, akahakikisha feni haiigusi, akajaza maji polepole huku injini ikinguruma ili hewa itoke. Yote hayo aliyasema bila kukwama, na kijana akaelewa.

Mfuniko nao una funzo lake. Mwongozo wetu unauita "kizibo". Lakini kizibo huziba tu. Aliyepoteza kizibo aweza kuziba kwa tambara, na wapo wafanyao hivyo. Mfuniko wa rejeta una springi na vali zinazotunza shinikizo. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95 za Sentigredi. Mfuniko wa shinikizo la bari 0.9 huyazuia yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Anayeufungua injini ikiwa ya moto huungua vibaya. Mwongozo hauna budi kuyasema hayo, na jina lisipunguze uzito wake.

Hatusemi kwamba gereji ina kila jina. Kile kizingo kinachoizunguka feni ili hewa yote ipite katika rejeta, fundi alikiita "kava". Lakini kava ni pia nguo ya kiti, na pia kifuniko cha juu cha injini. Sehemu ya kati ya rejeta, yenye mirija na mapezi, hakuwa na jina lake. Hapa ndipo Baraza linapohitajika. Twapendekeza "mzingo wa feni" kwa kile cha kwanza na "kiini cha rejeta" kwa hiki cha pili, na twaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu kwa mafundi kabla ya kamati kuyapitisha.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: "rejeta", katika ngeli ya i-/zi-, itumike katika miongozo, zabuni na hati zote za kuagizia vipuri, "kipoza" kibaki jina la jamii, na kila mara kitajwe pamoja na kile kinachopozwa, kama "kipoza oili" na "kipoza hewa", na mfasiri wa mambo ya ufundi aisome rasimu yake mbele ya fundi kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Wasomaji walio na majina mengine kutoka gereji za mikoa yao watuletee. Karani wa Sepuka alifuata maandishi yetu kwa uaminifu. Tusimwache apate hasara kwa kutuamini.